Trei ya Dada Cope

Arvella Spendlove hakuvunjika mfupa. Hilo alilirudia kwa kila aliyegonga mlango wake, na waligonga wengi. Kiliteguka kifundo cha mguu tu, kwenye ngazi za kanisa zilizoganda barafu, siku ya mazishi ya mzee mmoja ambaye wala hakuwa rafiki yake. Mikononi alikuwa na trei ya viazi vya jibini. Viazi vilisalimika. Watu walilisimulia jambo hilo kwa sifa: Dada Spendlove chini kama gunia, trei juu, halikumwagika hata tone. Yeye mwenyewe angependa viazi vyote vimwagike, mguu ubaki mzima.

Sasa, mji wetu ni mdogo, umebanwa na miamba myekundu mdomoni mwa korongo, huku kusini mwa Utah. Kiangazi watalii hujaa mpaka mtu unakosa pa kuegesha gari mbele ya nyumba yako mwenyewe. Baridi ikiingia wanaondoka wote, na korongo linarudi kuwa la wenyewe. Arvella alipika jikoni mwa shule ya hapa tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na kiangazi kilimkuta bustanini au akifunga pichi kwenye chupa. Starehe yake ilikuwa moja. Januari, baridi ikikaza sawasawa, anaingia korongoni kwa miguu mpaka mwisho kabisa, pale maji yanapochuruzika ukutani na kuganda. Tunapaita Pazia. Linasimama kutoka juu hadi chini, samawati kwa ndani, kama wiki hivi na pengine pungufu, kisha upepo wa joto unatoka kusini na kuliangusha lote.

Mwaka jana baridi haikukaza na Pazia halikufanyika. Mwaka huu limefanyika. Na asubuhi moja redio ikasema kwamba upepo uko njiani.

Kilichomzuia Arvella si mguu peke yake. Kilichomzuia ni chakula. Kwetu ukiumia, akina mama wa kanisa wanapangiana zamu za kukupikia. Arvella aliwaambia, "Jamani, sihitaji," lakini alisema mara moja tu, na hapo ndipo alipokosea. Kwetu ukikataa mara moja watu wanaona una adabu, kwa hiyo wanaleta. Ilimpasa akatae mpaka wakasirike. Basi wakaleta: viazi vya jibini, kuku wa wali, jeli ya kijani yenye karoti ndani, halafu viazi vya jibini tena. Na mtu anayekula chakula cha zamu haonekani akiruka mawe korongoni. Akionekana, habari itakuwa imefika kwa Askofu, kiongozi wa kanisa letu hapa mjini, kabla yeye hajavua viatu.

Alikaa dirishani akiuguza hasira. Mumewe, Verl, fundi wa malori aliyestaafu, alikaa kando yake akisoma kipimajoto.

"Inapanda, Mama. Jana saa hizi maji ya kuku yalikuwa jiwe."

"Nimesikia, Verl."

"Kesho matope matupu."

Arvella akasimama. Akachukua trei tupu iliyokuwa kando ya sinki, ile ya bati, yenye kipande cha tepu chini kilichoandikwa COPE kwa wino mweusi. Kila trei kwetu ina jina, maana trei zinazunguka mji mzima kuliko watu. Akaitia kwenye mkoba wa mgongoni.

"Unakwenda wapi?" Verl akauliza.

"Namrudishia Nedra Cope trei yake."

"Nedra si hapo mtaa wa pili? Hayo meno ya chuma viatuni ya nini?"

"Njia ina barafu."

"Na fimbo mbili?"

"Verl."

"Nasema tu, mguu wako..."

"Ukitaja mguu tena nakupiga na trei hii."

Verl akarudi kwenye kipimajoto chake. "Haya. Msalimie Nedra."

Hakuwa amedanganya, alijiambia ndani ya pikapu. Trei ataipitisha wakati wa kurudi. Aliificha pikapu nyuma ya miti ya kijito, mahali ambapo haionekani kutoka barabarani, akafunga kifundo kwa bendeji mpaka vidole vikafa ganzi, akaingia.

Chini kule jua halifiki wakati wa baridi. Mchanga ulikuwa mgumu kama sakafu, na maji yalipita katikati membamba, kingo zake zimeganda pande zote mbili. Alikuwa anaijua kila kona, hilo ndilo lililomuudhi. Hapa zamani alipita akiimba. Pale kwenye mwamba wenye tumbo alikuwa hasimami hata kunywa maji. Leo kila hatua ilibidi kwanza aiombe ruhusa. Fimbo, mguu mzima, fimbo, mguu mbovu. Na ule mbovu ulilalamika kila ulipoguswa, kama mtoto aliyeamshwa mapema. Ndege mmoja mdogo wa kijivu alimpita akirukaruka juu ya barafu, akamsubiri, akampita tena.

"Nenda zako," Arvella akamwambia.

Akafika kwenye kivuko cha mwisho. Baada ya hapo ni kona moja, halafu Pazia. Pale mtu hutoka ukingo wa barafu akaruka hadi kwenye jiwe bapa katikati ya maji, na kutoka hapo hadi ng'ambo. Jambo dogo. Lakini jiwe limekaa vibaya: lazima utue kwa mguu wa kulia, na wa kulia ndio mbovu. Akajaribu kuanza na kushoto, miguu ikapishana. Akajaribu kukaa na kujisukuma, barafu ikalia chini yake, akarudi haraka. Alitukana kama watu wetu wanavyotukana, yaani hakutukana, alisema "Jamani!" kwa nguvu na kuyachapa maji kwa fimbo.

"Dada Spendlove?"

Akageuka. Nyuma yake, akiwa na kofia ya sufu na fimbo zake mwenyewe, alikuwa amesimama Nedra Cope, mkuu wa akina mama wa kanisa, mwenye kupanga zamu zote za chakula.

"Dada Cope."

Wakatazamana.

"Mgongo unaendeleaje?" Arvella akauliza. Maana ilikuwa zamu ya akina Cope kukwangua barafu kwenye ngazi za kanisa siku ile ya mazishi, na Nedra alimwambia Askofu kwamba mgongo umemkaza, hawezi hata kuinama.

Nedra akawa mwekundu kuliko miamba. "Kutembea kunausaidia. Daktari amesema."

"Mguu wangu nao kutembea kunausaidia."

"Daktari amesema?"

"Mimi nimesema."

Macho ya Nedra yakaenda kwenye mkoba. "Hiyo si trei yangu?"

"Nilikuwa nakurudishia."

"Huku korongoni?"

"Si nimekukuta?"

Nedra akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena. Arvella hakucheka. Alimwomba mkono. Nedra akasimama juu ya jiwe, akamshika, akamvuta; mguu mbovu ukagusa jiwe na ukagoma palepale, buti likaingia majini, na wote wawili karibu waende chini. Wakarudi ukingoni wakihema.

"Vella, haiwezekani. Ukianguka hapa mimi ndiye wa kumweleza Askofu, na nikianza kueleza itabidi nieleze na mgongo."

"Basi nenda wewe."

"Siwezi kukuacha."

"Nenda, Nedra! Mmoja wetu alione."

Nedra akaichomoa trei mkobani, akaruka vizuri sana, kwa wepesi wa mtu asiye na mgongo mbovu hata kidogo, akapotea kwenye kona.

Arvella akakaa juu ya gogo. Buti lilikuwa limejaa maji na kifundo kilidunda. Kona ile ilikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuitupia jiwe, na akaitupia. Kisha akahisi hewa shavuni, laini, ya vuguvugu. Ukutani tone likaanza kudondoka, na jingine. Akaangalia chini ili asiyaone. Mara ukatoka mshindo ng'ambo ya kona, kama lori lililomwaga mawe, ukazunguka korongo lote.

"Nedra!"

Nedra akatokea, mzima, amebeba trei mbele yake kama anavyobeba viazi. Ndani kulikuwa na pande la barafu lenye jani moja la msimu uliopita katikati.

"Limeanguka upande wa kushoto tu. Nilikuwa mbali nalo."

"Kabla ya kuanguka, lilikuwa limefika chini kabisa?"

"Lilifika."

"Samawati?"

"Samawati, Vella. Yaani..." Akasita. "Zuri sana."

"Zuri vipi?"

"Zuri tu. Siwezi kulieleza."

"Umekwenda wewe, na hata maneno huna!" Arvella akaipokea trei na kulitazama lile pande. Hapa ukingoni lilikuwa jeupe tu, kama barafu yoyote ya kwenye friji.

Walirudi polepole, Nedra akibeba mkoba, bila maneno mengi. Kwenye pikapu Nedra akasema, "Ngazi zile, Vella. Ningeweza kuzikwangua."

"Najua ungeweza," Arvella akajibu, akafunga mlango.

Nyumbani Verl aliitazama trei. "Hukumrudishia?"

"Nilimrudishia. Akanipa tena."

"Ina nini?"

Arvella akachungulia. Jani lilikuwa linaelea. "Maji," akasema, akayamwaga kwenye sinki.

"Zamu ya leo imeshaleta," Verl akasema. "Viazi vya jibini."

Akakaa, akainua mguu juu ya stuli, akala. Vilikuwa vitamu, vimeokwa mpaka vikakauka vizuri juu, na hilo nalo likamuudhi.