Peti na Goti la Mama

Jumatano ya wiki iliyopita, mwezi huu wa saba, tulimzika mama hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Watu wametawanyika, viti vya kanisa vimerudishwa, na jana asubuhi jirani alikuwa anawachemshia nguruwe wake pumba za mahindi na vichwa vya usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Harufu iliingia ndani mpaka kwenye kitanda ambako mama alilala miezi yake ya mwisho. Ni harufu nzito, tamu kidogo, inayoganda kwenye nguo. Nilikaa chini pale mlangoni. Kwenye mazishi sikulia kama watu walivyotegemea, lakini kwa harufu ile, ambayo zamani ilikuwa ya chakula cha mbwa wetu, nililia.

Basi mnivumilie, niwasimulie habari za mbwa.

Mimi, Furaha, nilikuwa na miaka minane hivi. Papa, yaani baba yangu, alikuwa anabeba mizigo kwenye ghala moja la tumbaku kule Kanengo, Lilongwe, na kurudi nyumbani Jumamosi. Mama alishona nyumbani, kwa cherehani ya kukanyaga. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, na wezi wa siku zile hawakuhangaika na milango. Walimwagia ukuta maji, wakautoboa taratibu kama panya. Walikuwa wameshatoboa kwa majirani. Mama alilala amefunga mguu wake na mguu wa cherehani kwa kipande cha kitambaa.

Jumamosi moja Papa alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, amekumbatia mfuko wa unga, na mfuko ulikuwa unapumua. Ndani kulikuwa na mtoto wa mbwa, rangi ya chai ya maziwa, ananuka tumbaku. Mbwa wa hapa kambini niliwajua, wembamba, wenye masikio yaliyosimama. Huyu alikuwa kitu kingine. Ngozi ilimzidi. Ilikunjamana kwenye paji la uso na shingoni, na alipokaa ilibaki imemwagika pembeni yake. Nyayo zake zilikuwa pana kama za mnyama mwingine kabisa.

Mama hakutoka nyuma ya cherehani. "Atakuwa mukubwa namna gani?"

"Huyu? Wa kadiri tu," Papa alisema. "Mama yake nilimuona kwa ule mulinzi wa ghala. Kambwa ka kawaida."

Mama Daforoza, mjane wa Burundi aliyeuza nyanya mlango wa pili, alikuwa ameshafika. Alifika kila mahali kabla ya habari. Aliinua mguu mmoja wa yule mtoto, akaugeuza kama anayechagua mhogo.

"Papa Furaha, umetuletea mbwa ao ndama? Angalia miguu! Huyu amevaa viatu vya kaka yake."

"Hata mi naona," mama alisema. "Ngozi wamemushonea ya kukomalia."

Hiyo ilikuwa lugha ya kazi yake: nguo ya kukomalia, yaani ya kukulia. Sare za shule alizishona na upindo mpana, mtoto azivae zikiwa zinamning'inia, na kila mwaka upindo unafumuliwa mpaka mtoto anaijaza nguo yake. Alipomtazama yule mbwa aliona upindo tu.

Papa akaona mambo yanaharibika. Akampa jina palepale: Peti, kwa Kifaransa, yaani mdogo. Nadhani alitumaini jina lingesaidia.

Mama alinitazama mimi, niliyekuwa nimeshamweka mbwa mapajani, halafu akatoa hukumu. "Akae. Lakini asipite hapa." Aligusa goti lake juu ya kitenge. "Siku anapita goti, anarudia Kanengo. Mi siwezi kuishi na mbwa mwenye kuniangalia mu macho."

Niliamini nimejua sababu. Mgao wa unga ulikuwa mdogo, na mnyama mkubwa ana tumbo kubwa. Mama alimpikia Peti pumba na vichwa vya usipa kwenye sufuria iliyovunjika mkono, akamimina kwenye bakuli, akalisukuma bakuli kwa mpini wa ufagio mpaka lilipomfikia. Nilidhani hataki kuchafua mikono kabla ya kushika vitambaa vya watu.

Sasa, kwetu kila mtoto anajua kwamba ukimruka mtu aliyelala, hatakua tena. Mdogo wangu aliponyoosha miguu mkekani na mimi nikapita juu yake, mama alinirudisha kwa ukali nipite tena kinyumenyume, nifungue nilichofunga. Kwa hiyo nilikuwa na dawa. Kila asubuhi, Peti akiwa bado amejikunja kando ya jiko, nilimruka. Nilimruka kwa upana na kwa urefu. Siku nyingine nilirudia jioni, nisije nikawa nimekosea.

Dawa haikufanya kazi. Kwanza yalikua masikio. Halafu miguu ya nyuma ikaitangulia ya mbele, akawa anatembea kama anayeteremka mlima kwenye uwanja tambarare. Halafu kichwa. Kila kiungo kilikua kwa wakati wake, bila kushauriana na vingine, naye mwenyewe hakujua ameishia wapi, akigonga meza, akipindua ndoo, akijaribu kulala chini ya kigoda alicholala chini yake wiki iliyopita. Ngozi ilikuwa inajazwa. Ikafika siku sikuweza kumruka tena bila kushika ukuta, na nilipotua upande wa pili nilimkuta mama amesimama nyuma yangu na beseni la nguo. Nilingoja kofi.

"Leo pia umemuruka?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Jaribu na kesho." Akaenda zake kuanika.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa. Papa akishaoga, mama alisimama wima mlangoni, nami nilimleta Peti karibu na mguu wake. Mama alikuwa anakaza shingo, anatazama mbali, kule kwenye barabara ya lami, na mkono mmoja ameshika fremu ya mlango. "Haijafika," alisema, na wiki ikapita. "Haijafika." Mahindi ya watu yalikuwa yamefika kiunoni nilipogundua kwamba hashushi macho kuangalia.

Halafu Papa alikuja na kamba mpya ya katani, nzuri, ndefu. Kule Kanengo mlinzi alikuwa tayari kumpokea Peti. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mgongo wa mbwa ulikuwa umefika katikati ya paja la mama, na akiinua kichwa alikuwa anamwangalia mtu kifuani. Wateja walisimama barabarani wakaita wakiwa mbali. Mama Daforoza alisogeza beseni lake la nyanya apate kuona vizuri.

Nilimleta Peti. Nilimshika ngozi ya shingo, na hapakubaki nyingi ya kushika. Mama alisimama kama kawaida.

"Haijafika," alisema.

Papa alimtazama mbwa, akamtazama mke wake. "Mama Furaha, goti lako liko wapi?"

"Goti ni langu. Mi njo najua penye iko."

Mama Daforoza alicheka mpaka akalishika beseni lake. "Papa Furaha, acha! Muke amekomaa miguu huku wewe uko Kanengo!" Papa naye akacheka, akakaa kwenye kizingiti. Mama akaichukua kamba mkononi mwake, akaifunga toka ukutani mpaka kwenye nguzo ya jirani, akaanza kuanika nguo. Sijui ni usiku gani aliacha kufunga mguu wake na cherehani. Najua tu kwamba kile kitambaa nilikuja kukiona kimegeuzwa mfuko wa vifungo.

Peti aliishi miaka mingi. Alilala akiziba mlango wote. Alikufa msimu wa baridi, mwaka ule nilioacha shule kidato cha pili, amelala kwenye jua la ukutani, bila kusumbua mtu.

Papa alichimba shimo pembeni ya shamba letu dogo. Mama alikuja akaliangalia.

"Ongeza," alisema.

"Ni mbwa, Mama Furaha."

"Ongeza. Urefu pia. Miguu itabaki inje."

Halafu alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu. Walipokimbia kijiji chao, kule milimani karibu na Bukavu, baba yake alifia njiani. Hapakuwa na nafasi ya kuchimba. Walimfunika majani ya migomba na udongo kidogo, wakaendelea. Kulikuwa na mbwa wanawafuata watu, mbwa wakubwa wa matajiri waliokuwa wamehama, wameachwa na njaa.

"Niligeuka," mama alisema. "Niliangalia penye tulimuacha."

Akarudi kuliangalia shimo.

Miaka yote nilidhani mama alikuwa anapigania unga. Nilikuwa nimemletea mnyama yule kwenye mguu wake kila Jumamosi, nikiomba moyoni aseme neno lile moja, naye alisimama akalisema. Alijua mimi nangoja nini. Hakunijulisha yeye anaogopa nini, mpaka siku ile, wakati hapakuwa tena na cha kuogopa.

Papa aliinua jembe, akaongeza urefu, akaongeza kina mpaka jasho likamlowesha mgongo. Mimi nilishika miguu ya mbele. Mama alikunja kitenge kiunoni, akashika ya nyuma, tukamteremsha polepole. Alienea. Mama alilichukua jembe mikononi mwa Papa, akamfukia mwenyewe, mpaka udongo ukaisha.