Siku Kuku wa Kwedizinga Walipofunguliwa Mapema

Hiza, mchanjaji wa kuku, alipiga simu jua likiwa bado changa.

"Dada Shamsia, ujumbe wako umekwenda kwa nani? Nimefika Kwedizinga na chanjo yangu, kuku wote wako mashambani."

Shamsia Mhina, anayeandika programu za kompyuta nyumbani kwake Kwamndolwa, Korogwe, alifungua mashine. Mbele ya kila namba ya simu palisomeka: umetumwa.

"Mfumo unaonyesha umetumwa, kaka."

"Basi uambie uje tukimbizane na majogoo."

Kazi ya mfumo huo ni ndogo. Jioni ya kuamkia chanjo, huwaambia wafugaji wasifungue mabanda mpaka mchanjaji apite. Kuku wa kienyeji akishatoka, kumpata umtie tone jichoni ni kazi ya kutwa, na dawa ikishachanganywa haingoji kesho. Kideri, ugonjwa unaofagia mabanda mazima, kilikuwa kimeshaua kuku kijiji cha jirani. Shamsia akampigia shangazi yake, Mwaija, aliyemlea hukohuko Kwedizinga.

"Shikamoo shangazi. Jana hukupata ujumbe?"

"Marahaba. Ujumbe gani? Nimepata wa bahati nasibu tu. Nimefungua banda kama kawaida, sasa Hiza ananitazama kama mwizi."

"Huwezi kuwarudisha?"

"Niwarudishe mimi? Hawa wana mbio kuliko wewe ulipokuwa ukitumwa maji."

Shamsia hakucheka. Alirudi kwenye msimbo wake, ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, akausoma mstari kwa mstari. Siku chache nyuma alikuwa ameongeza mstari mmoja tu. Baadhi ya wafugaji waliandikisha namba zenye nafasi katikati, na kifaa cha kuzisafisha, kipande kifupi cha msimbo, alikuwa nacho tayari, ndani ya faili la majaribio. Badala ya kukiandika upya, aliagiza programu ikakichukue humo.

Alichosahau ni tabia ya Python. Ukiomba kitu kimoja kutoka kwenye faili, hulipitia faili zima toka juu, na kutekeleza kila amri inayokutana nayo. Juu kabisa ya faili lile kulikuwa na amri aliyoiweka mwenyewe, ili asisumbue watu anapojaribu mfumo: usitume ujumbe wowote, sema tu umetumwa. Kifaa kiliingia, na amri ikaingia nacho. Majaribio yote yalikuwa yamepita bila kasoro, kwa kuwa ndani ya majaribio kunyamaza ndiko kulikokuwa sahihi.

Alikihamishia kifaa kwenye faili la peke yake. Ile amri akaifungia ndani ya fungu la msimbo lisiloamka mpaka liitwe kwa jina. Akajitumia ujumbe, simu ikalia mezani. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Lakini Hiza alikuwa na vijiji vingine, akaahidi kurudi wiki inayofuata. Kideri hakikusubiri. Kiliingia kwa Grasiana, jirani wa Mwaija.

Safari hii Shamsia hakuiamini kompyuta. Jioni ya kuamkia chanjo alikwenda Kwedizinga akaketi karibu na shangazi yake mpaka simu ya mama huyo ikaita na maneno yakatokea: kesho msifungue mabanda.

Asubuhi kuku wa Mwaija walipiga kelele ndani, wakikwaruza mlango. Hiza alikuwa akiwatoa mmoja mmoja, akiwatia tone na kuwaachia. Grasiana akaja uani, simu mkononi.

"Na mimi nimeupata, mwanangu," alisema. "Umeingia vizuri kabisa. Unaniambia nisifungue banda."

Shamsia alitazama ng'ambo ya uzio. Mlango wa banda la Grasiana ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa tena na kuku wa kutoka.

"Mama, kosa lilikuwa langu," alisema.

Grasiana aliweka simu kwenye pindo la khanga, akaenda kumshikia Hiza kuku.