Nyuzi za Utumbo Kwenye Gitaa la Umeme

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kanzu ya Idi. Mamangu aliamini kwamba kijana aliyemaliza sekondari hawezi kupewa kazi ya kushika kitu kichafu. Tajiri wetu, Mhindi Mwislamu aliyeuza santuri na ala za muziki hapa Mji wa Kale, alinitazama juu mpaka chini, kisha akanipa kitambaa, chupa ya mafuta ya taa na sanduku la vigingi vya gitaa vilivyoshikwa na kutu. Ilipofika adhuhuri kanzu ilikuwa na madoa ambayo mamangu aliyalilia kama aliyefiwa.

Nisiwadanganye kwamba niliiomba kazi ile kwa mapenzi ya muziki. Niliiomba kwa sababu duka lilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Niliweza kwenda kula wali wa mamangu na kurudi kabla Tajiri hajamaliza sala. Wenzangu wakati ule, vita vikiwa vimepamba moto, walikuwa wakichukuliwa kupigana Bama na Uhabeshi. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa Marikiti, nikitumwa ndimu.

Baada ya miezi ya kufuta vumbi nilipandishwa karakana, chini ya Fundi Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa ukoo wa mafundi wa milango na maudi, zile ala za nyuzi za taarabu, mwembamba, mkavu wa maneno. Alinifundisha kuchemsha gundi ya ngozi, kusawazisha daraja, yaani kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la ala, na kusuka uzi wa utumbo wa kondoo usikatike. Juu ya yote alinifundisha kusikiliza kwa meno. Alikuwa akinitia pamba masikioni, ananiamuru niume shingo ya udi, kisha yeye anapiga. "Sauti i ndani ya mti," akisema. "Masikio hudanganyika. Jino halidanganyiki." Nililiamini neno hilo kama nilivyoamini kwamba jua huchomoza upande wa Nyali.

Vijana wa siku hizi wanaonijia huniuliza gitaa gani la umeme ni bora, na kwa nini wapigaji huyafia. Nawajibu kwa lile la kwanza nililoliona. Lilikuwa la rangi ya halua iliyoungua, tumbo lake wazi ndani, na chini ya nyuzi pana kijisanduku cheusi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Waya hutoka pale ukaenda kwenye mashine ya kukuza sauti. Shingo yake nyembamba, nyuzi zimelala karibu na mti, hata mtoto angezibana. Udi ukiupiga, sauti huzaliwa na kufa papo hapo. Lile gitaa sauti yake ilikaa. Ukiugusa uzi tu, ilisimama hewani ikikungoja uamue la kufanya.

Mwenyewe alikuwa Faraji. Faraji alikuwa mpigaji udi hodari mpaka kamba ya winchi ilipomponda mkono wa kulia gatini Mbaraki, alikokuwa akifanya kibarua. Vidole vilibaki, ila nguvu ilikwenda. Risha, kile kibapa cha kudonolea nyuzi, hakuweza tena kukishika, na akipiga udi kwa vidole vitupu aliyeketi mkeka wa pili hasikii kitu. Kisha baharia mmoja mgeni, aliyekuwa akimsikiliza kwa huruma, akamwachia lile gitaa. Mashine yake iliwekwa katika ukumbi wa wafanyakazi wa bandari huko huko Mbaraki, maana chumba cha Faraji hakikuwa na umeme. Mara ya kwanza alipolipiga pale ukumbini, aliniambia, alitazama nyuma kuona ni nani anayepiga.

Hilo ndilo linalowafanya watu wayapende magitaa haya, wanangu. Mengine ni rangi.

Alikuwa akipita karakanani kila siku kunichokoza. Aliniita Mtetea, kwa kuwa sitoki kiotani. "Mtetea, leo umefika wapi? Mlangoni? Mashallah, umekuwa Ibn Safari." Nami nilimwambia kwamba mtu mwenye mkono mmoja na nusu hafai kumcheka mwenye miguu miwili isiyotumika. Tukicheka sote.

Bwana Ustawi, ndivyo tulivyomwita Mzungu wa ustawi wa jamii aliyesimamia ule ukumbi, akatangaza kwamba anataka mpigaji mmoja wa kudumu, wa kuongoza bendi na kufundisha. Angewasikiliza wapigaji siku ya Jumamosi alasiri. Kwa Faraji hii haikuwa kazi tu. Mizigo hawezi, winchi hawezi. Akikosa, alibaki na mjomba wake bara, aliyekuwa tayari kumtafutia kazi ya ulinzi katika shamba la mkonge.

Siku mbili kabla, nyuzi mbili za gitaa lake zikakatika kwa kutu. Chumvi ya kisiwa hiki haina adabu. Nyuzi za chuma dukani hazikuwapo, meli zilikuwa zikileta bunduki. Na Fundi Mkuu alikuwa nyumbani kwake, homa imemlaza.

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilikuwa nimeviona vidole vya Faraji, vile vyenye makovu, jinsi chuma kilivyovichana. Nikazitoa nyuzi zote, nikamfungia za utumbo nilizozisuka kwa mkono wangu, na zile nene nikatia za hariri iliyozungushiwa shaba, nyuzi za udi. Nikalinganisha sauti. Nikaiuma shingo. Mti uliimba mpaka ukaniwasha fizi.

Faraji aliketi juu ya kigoda changu, akapiga polepole, kichwa kimeinama juu ya tumbo la gitaa. Karakana ilikuwa ndogo, sauti ilitutosha. Akatazama vidole vyake, havikutoka damu.

"Mtetea," akasema, "leo umetaga."

Jumamosi nilivuka mji mzima mpaka Mbaraki, safari ambayo mamangu alinifungia mkate wa mofa kama niendaye Hija. Walitangulia wapigaji wawili, mmoja wa kinanda, mmoja wa fidla. Kisha Faraji. Bwana Ustawi mwenyewe alichomeka waya, na mashine ikavuma kama nyuki ndani ya mtungi, watu wakajua iko hai. Faraji akapiga.

Mvumo ule ule. Hakuna zaidi.

Akapiga tena, kwa nguvu. Niliona shingo yake imetoka mishipa. Waliokuwa mbele walisikia kitu kama panya kwenye makuti, wa nyuma wakaanza kuulizana kama ameshaanza. Bwana Ustawi akageuza vifungo mpaka mwisho, mvumo ukajaa ukumbi. Akagusa ncha ya waya kwa kidole, ikanguruma watu wakaziba masikio. Akairudisha mahali pake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, kwa Kiswahili chake:

"Mashine nzima. Gitaa zima. Mkono ndio mgonjwa."

Faraji hakubishana. Aliutazama mkono ule kama mtu aliyeletewa habari alizokuwa akizingojea. Akashuka, akanipakatisha gitaa.

"Chukua, yakhe. Mpe mwenye mkono."

Jumatatu Fundi Mkuu alirudi, homa imemwacha na macho tu. Nilimweleza. Alichomoa sindano ya kushonea, akaifunga uzi, akaining'iniza juu ya kile kijisanduku cheusi. Sindano ikaruka ikanata. Akaleta kipande cha utumbo, kisha kipande cha shaba. Vikaning'inia tu.

"Hii haisikii mti," akasema. "Husikia chuma. Umeifungia nyuzi isizozijua."

"Nilisikiliza kwa meno, Fundi."

"Naam. Mimi ndiye niliyekufundisha." Akaichomoa sindano pale iliponata. "Mkono wake hauna neno. Nenda kamwambie, sasa hivi."

Faraji alikuwa amepanga chumba Mwembe Tayari, akingojea basi la bara. Kutoka dukani ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mvivu. Siku ile jua lilikuwa kali. Siku ya pili mamangu alipika biriani. Nilijiambia Faraji hawezi kuondoka bila kuja kunichokoza. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Nikauficha woga chini ya ule mzaha wetu: mimi ni Mtetea, sitoki.

Siku ya tatu nilikwenda. Mwenye nyumba alikuwa akikifagia chumba. Ameondoka alfajiri, akasema. Nikamwuliza kama aliacha neno. Aliacha udi wake, akasema anayeutaka auchukue.

Jina la mjomba sikulijua, wala la shamba. Nimesoma sekondari, nina hati nzuri, na sikuwa na anwani ya kuandika juu ya bahasha.

Amani iliporudi, nyuzi za chuma zikaja. Fundi Mkuu alilifunga lile gitaa nyuzi mpya, akaliunga kwenye redio ya dukani, inayokuza sauti kama mashine ya ukumbini, ile iliyokuwa juu ya rafu siku zote, futi nne kutoka kigoda changu. Akaligusa kwa kidole kimoja, kama anayempapasa mtoto mchanga. Duka zima lilijaa. Tajiri aliliuza wiki ile ile.

Muongo ule haujesha, Tajiri akafungua tawi Mwembe Tayari, na mimi, nisiyetoka kiotani, nikapelekwa huko. Meza yangu ilitazamana na mabasi ya bara. Nilikaa pale mpaka nilipostaafu. Kila utingo wa basi aliyenunua santuri nilimpa salamu ya kupeleka: ukimwona Faraji, mpiga udi, mwambie fundi anasema zilikuwa nyuzi. Wengine waliahidi. Wengine walidhani ni mafumbo ya mapenzi.

Sasa nimestaafu, nashinda nyumbani kutwa, ndilo nililolitaka tangu ujana. Kijana akiniletea gitaa lililopotewa na sauti, kabla sijaligusa humwambia si mkono wako. Hucheka, akadhani mzee amezeeka. Faraji kama yu hai ni mzee vilevile, na anajua mpaka leo kwamba mkono wake ulifia Mbaraki, mbele ya watu.

Haukuwa na neno.