Kibuku ya kumaliza kilio ya muke yangu

Mi nilianza na kinga moja, baiskeli tu, nasukuma magunia ya makala, makaa ya kupikia, toka Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, mupaka mu ville, katikati ya muji, jasho inaingia mu macho. Masomo niliachiaka ku primaire. Leo niko na villa ku Golf, kule kwa batajiri, na camions yangu za mizigo zikipita, ba ingénieur bananipungia mukono. Hakuna muntu alinishika mukono. Kila kitu nilitaka, nilikipata kwa nguvu yangu. Kimoja tu kilinipita, na haikukuwa juu ya uvivu.

Muke yangu alikufa na ugonjwa ya damu. Mwaka ikaisha, familia yake ya kaskazini ikatuma habari: banakuja kumaliza kilio, kuondoa matanga. Mama mukubwa yake, njo anaongoza ile familia yote, akanipigia telefone.

— Mukwe, bière ya chupa hatutaki. Utatupikia kibuku, pombe ya kienyeji, weye mwenyewe, mu nyumba yako. Ikikataa kuchacha, tutajua marehemu hajakuachilia. Na mutoto tutarudi naye.

Mutoto ni binti yetu ya mwisho. Bakubwa yake banajitegemea. Mu nyumba tulibakia naye babili tu. Akicheka, anaziba kinywa na mukono, sawa mama yake.

Sasa, kila muntu wa Lubumbashi anajua: mwezi wa saba, kwa baridi, kibuku inalala. Ule uji ya mahindi na masaka, ule mutama, inapoa, inanyamaza, kiisha inaoza. Hata bamama banaouza pombe ku Kasungami banangojea joto irudi. Mi nikasema: mi nangojea nani?

Mama yangu alinikomaza na pesa ya kibuku. Mbele ya kutia unga ya mahindi iliyomea, alikuwa anaingiza kiwiko mu uji. Ikimuchoma, anangoja, juu moto mingi inaua ule unga. Asiposikia kitu, anaongeza makala. Mi nikajaribu. Lakini kiwiko yangu ilikauka zamani, haisikii tena. Nikatuma chauffeur ku pharmacie alete thermomètre. Mupumbavu ule akaniletea ya homa, ya kuweka mu kwapa. Nikaitia mu uji, ikakataa kuhesabu. Ile inajua bagonjwa tu. Nikaenda mwenyewe mu ville, nikapata ya kupimia nyama, iko na sindano murefu ya chuma.

Nikatia unga iliyomea, nikaweka tonneau, pipa ya pombe, mu garage, nikaifunga na mablanketi, na mbaula, jiko ya makala, pembeni, dirisha wazi juu ya moshi. Sindano ikipita degré makumi tatu, naondoa mbaula, naweka gunia iliyoloa maji. Ikishuka, narudisha moto. Kazi ya camions nikaachia bantu bengine. Nikakaa pale juu ya kiti sawa mulinzi.

Binti yangu akaniletea chai. Akaangalia sindano.

— Papa, iko na homa?

— Hapana. Iko muzima.

— Mama pia ulikuwa unamupima hivi.

Nikasogeza mbaula.

Siku ile balifika, tonneau ilikuwa inaimba. Povu inapanda, harufu imejaa parcelle, kiwanja yote, hata bajirani ya Golf, bantu ya pua juu, balichungulia ku ukuta. Mama mukubwa akapokea kikombe ya kwanza. Akakunywa. Akakunywa tena.

— Iko muzuri, akasema. Muzuri sana.

Nikasimama mbele ya bote.

— Mutafute mu Lubumbashi muzima muntu mwengine anachachisha kibuku mu baridi hii! Hakuna! Ni mi peke yangu!

Hakuna alipiga mikono. Mujomba ya muke yangu akaweka kikombe chini.

— Ile njo tunakuuliza, mukwe. Pombe ya bantu bote inalala. Ya kwako inachemka. Nani anakusaidia?

Nikakimbia kuleta thermomètre. Ikapita mukono kwa mukono.

— Kasindano haka? Kasindano haka njo kamepika pombe?

— Na camions, njo kasindano kalikununulia?

Bakacheka mupaka machozi. Mama mukubwa hakucheka.

— Ingekataa, tungemuchukua mutoto juu ya marehemu. Imekubali, tunamuchukua juu yako. Muntu ya hivihivi hapati pombe hii mu mwezi wa saba. Hatutaachia mutoto yetu mu nyumba yenye kitu ya uchawi.

Niko na avocat wa kunitetea. Niko na bantu ku commune, ofisi ya serikali, telefone moja tu banakuja. Lakini kumurudisha mutoto na nguvu ya polisi siku ya kilio ya mama yake, mbele ya bamama yake bote, ni kuitika kila kitu balisema. Mi, niliyebeba makala ya muji huu, nikarudisha telefone mu mufuko.

Bakakunywa yote mupaka karibu na masimbi, machicha ya chini. Kiisha mama mukubwa akaomba bidon moja, kidumu ya kubebea, juu ya bale balibakia kule. Nikaijaza mwenyewe. Mu gari bakaiweka katikati ya miguu ya binti yangu. Povu ilikuwa ingali inasukuma.

— Papa, nifunge nguvu?

— Hapana, usikaze kifuniko. Itapasuka.

Kulikuwa mengine ya kumuambia. Akalegeza kifuniko kidogo, sawasawa vile nilimuambia, na gari ikatoka ku mulango.