Mgongo wa Gauni

Mtaa mzima ulimwita Fundi Zipu, na jina lilishamganda. Halikuwa la ubaya. Zipu ikikwama, ikitoka meno, ikikuaibisha mbele za watu, ulimpelekea yeye, na kabla hujamaliza kueleza ilivyokufanya alikuwa ameshaitengeneza. Suruali ndefu aliipunguza, sketi iliyobana aliiachia, shati lililopasuka kwapani alilifunga hata mwenyewe asijue lilipasukia wapi. Lakini nguo nzima, ya kutia mkasi kwenye kitambaa kipya na kuanza mwanzo, hiyo watu waliipeleka kwa mafundi wa mjini wenye vioo virefu na vyumba vya kujaribia. Yeye aliletewa walichoharibu wenzake. Usimwone mtu anacheka na wateja ukadhani hana lake moyoni. Lilimuuma, tena sana. Cherehani yake ilikaa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na televisheni, na huku mikono inatia viraka vya watu, kichwa kilikuwa kinashona magauni ambayo hakuna aliyewahi kuyavaa.

Ndipo siku moja akaja muuguzi. Huyu ndiye aliyemuuguza mama mkwe wa Fundi Zipu bibi huyo alipolazwa kwa maradhi ya kifua, na tangu hapo walikuwa wakisalimiana kindugu. Aliingia na mfuko kwapani, akajitupa kwenye kochi, akavua viatu bila kuombwa.

"Dada fundi, naolewa!"

"Weee! Hongera! Haya, lete hiyo zipu."

"Zipu gani? Nataka gauni."

Fundi Zipu aliweka sindano chini. Muuguzi akatoa kitambaa mfukoni, satini ya rangi ya maziwa, laini ya kuteleza vidoleni. Akaeleza. Kuna sinema, moja ya hizi za mtandaoni, ambayo yeye huiangalia kila akitoka zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mwishoni kuna sherehe, na mwigizaji amevaa gauni ambalo, akiliona tu, uchovu wote unamtoka.

"Nimeiangalia mpaka mchumba wangu amesusa. Nataka lilelile, mbele na nyuma. Lisipungue wala lisizidi."

"Na mafundi wa mjini?"

"Hao! Ukiwaambia hivi wanakushonea vile wanavyojua wao. Wewe, dada, ukipewa kitu unakifuata. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ilikuwa sifa, lakini sifa yenye mwiba. Hata hivyo Fundi Zipu alikichukua kile kitambaa upesi, mtu asije akabadili mawazo. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Hili lilikuwa gauni lake la kwanza, na alijua akilikosea hakuna atakayemletea la pili.

Jumapili, baada ya kula, nyumba nzima ilihamia mbele ya televisheni. Mumewe, mpaka rangi za nyumba, mwenye madoa hadi masikioni, ndiye aliyeshika rimoti. Mama mkwe alikalia kiti chake cha mto. Fundi Zipu alikaa chini, futi ya kupimia shingoni, kalamu mkononi. Sinema ikafunguka, kile kiduara cha kusubiri mtandao kikazunguka, kikazunguka weee, mama mkwe akasonya, halafu mwigizaji akatokea ndani ya gauni lake.

Mbele hakukuwa na taabu. Shingo ilikatwa mstari mmoja kutoka bega hadi bega, mikono mirefu ya kubana, kiuno kimekaa mahali pake. Mume alisimamisha, fundi akachora, mume akaendeleza. Yote yalikwenda vizuri mpaka fundi aliposema, "Haya, sasa tuone nyuma."

Nyuma haikuonekana.

Mwigizaji aliingia kwenye ukumbi, kamera ikampokea kwa mbele. Alikaa, mgongo ukaenda kwenye kiti. Aliposimama kucheza wakaonyeshwa uso wa mwanamume aliyecheza naye. Wakarudisha nyuma, wakaangalia upya. Wapi!

"Geuka, wewe!" mama mkwe akafoka. "Una nini huko nyuma? Deni?"

"Mama, hakusikii," mume akasema.

"Ananisikia sana, kiburi tu. Mwangalie anavyopita ukutani kama kaa."

Waliirudia sehemu ile mpaka wote wakaanza kusema maneno ya waigizaji kabla hawajayasema. Mama mkwe alisema sasa anamjua yule mwanamke mpaka magego, ila mgongo hajaonjeshwa. Fundi Zipu hakucheka tena. Nyuma ya gauni ndiyo kazi yenyewe. Hapo ndipo linapofungwa na hapo ndipo linapokaa au kukataa kukaa. Angefuata nini?

Mume ndiye aliyeliona. Mwigizaji alikuwa amesimama dirishani akisubiri mtu, na nyuma yake kulikuwa na kioo cheusi.

"Subiri kidogo," akasema, akasimamisha. "Kile kinachong'aa pale kwenye kioo si satini. Satini inang'aa kwa upole. Kile ni chuma."

Maisha yake yote ni kuangalia mwanga unavyokaa ukutani, kwa hiyo hawakumbishia. Akafunga pazia la chumba, akaongeza mwanga wa televisheni mpaka mwisho. Wote watatu wakasogea, pua karibu ziguse. Pale kwenye kioo cha dirisha, hafifu lakini wazi, mgongo wa gauni ulionekana. Kitambaa kilikuwa kimekusanywa rundo kama mdomo wa gunia, na kimebanwa kwa vibanio. Vibanio, jamani! Vya chuma, kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Lo! Wamemwanika!" mama mkwe akapiga kofi, na mume akacheka mpaka rimoti ikamponyoka.

Gauni lilikuwa kubwa mno kwa yule mwanamke, basi. Mafundi wake wakalibana nyuma likae vizuri mbele, kwa kuwa kamera ingepita mbele tu. Kwao kazi ilikuwa imekwisha. Fundi Zipu aliitazama karatasi yake. Kwanza aliogopa. Halafu, na yeye mwenyewe alishangaa, akafurahi. Gauni lile halikuwa na mgongo. Mgongo wake ulikuwa bado haujashonwa na mtu yeyote duniani.

Kufurahi ni kitu kimoja, kutia mkasi ni kingine. Alikitandika kitambaa mezani, akakizunguka, akakikunja, akakitandika tena. Akafumba macho. Kilichomjia hakikuwa yule mwigizaji. Kilikuwa wodi, zile siku alizokaa kwenye benchi kando ya kitanda cha mama mkwe, na muuguzi akipita na kurudi. Uso wake hakuuona sana. Aliuona mgongo. Uliinama juu ya mgonjwa huyu, ukamwinua yule, ukanyooka kidogo, mkono ukashika kiuno, kisha ukainama tena kwa mwingine. Mgongo mpana mabegani, wa mtu anayebeba wenzake. Fundi alifumbua macho, akajiambia maji akiyavulia nguo sharti ayaoge, akatia mkasi.

Aliukata wazi mabegani, mabega yale yaonekane yote. Kutoka hapo akashusha vifungo vidogo vilivyovikwa satini ileile, kila kimoja na kitanzi chake, mpaka kwenye kiuno, pale ambapo muuguzi alizoea kujishika. Chini ya kiuno akayaachia marinda yafunguke. Alishona akiimba, jambo ambalo cherehani ile haikuwa imelizoea.

Gauni lilipokwisha, mama mkwe alilizunguka huku mikono nyuma.

"Zuri. Mno. Sasa nisikilize, mwanangu. Akiuliza, mwambie nyuma ndivyo lilivyo kwenye sinema. Nani atabisha, na nyuma yenyewe haionekani?"

"Njia ya mwongo ni fupi, Mama," mume akasema.

"Harusi ni kesho kutwa. Njia ndefu ya nini?"

Muuguzi alikuja kujaribu, akavaa, akasimama mbele ya kioo cha kabati. Mama mkwe alimshikia kioo kidogo kwa nyuma. Muuguzi akashika mdomo.

"Ndilo! Dada fundi, ndilo hasa! Na mgongo huu, uuuh! Mgongo huu ndio ulioniua mimi kwenye ile sinema!"

Mume ghafla akakumbuka brashi ya kusafisha. Mama mkwe alimkonyeza mkwewe kwa jicho lililosema, nyamaza, Mungu amekupa. Na kweli, kunyamaza kulikuwa rahisi. Bibi harusi ana furaha, gauni limekaa, jina litasafiri. Lakini kazi ya kwanza kabisa ya Fundi Zipu ilikuwa inasifiwa masikioni mwake, na sifa inapelekwa kwa watu wa vibanio. Akinyamaza, atabaki yule wa kufuata tu. Akisema, huenda gauni likavuliwa hapohapo.

"Mgongo huo haumo kwenye sinema," akasema.

"Umo. Nimeuona kwa macho yangu."

"Haumo, mdogo wangu."

"Naapa umo!"

Mume akawasha televisheni. Kiduara kikazunguka, na safari hii kila mtu alikishukuru kwa kuchelewesha. Halafu dirisha, kioo, pazia likafungwa, mwanga ukapandishwa. Muuguzi alisogea, akavihesabu vile vibanio kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Uso ulimshuka.

"Nilikuambia lisizidi, dada."

"Uliniambia."

"Basi huu umeutoa wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Fundi Zipu swali hilo. Suruali iliyopunguzwa haiulizwi ilikotoka.

"Kwako. Mama alipolazwa nilikaa pale wodini, na nilichokiona siku zote ni mgongo wako umeinama juu ya watu. Nimeukatia huo. Yule wa kwenye televisheni simjui."

Muuguzi aligeukia kioo cha kabati, akampokonya mama mkwe kile kioo kidogo, akajiangalia nyuma, begani, kwenye vifungo, mpaka kiunoni. Aliangalia muda mrefu kuliko alivyokuwa ameangalia mbele. Alipotazama juu, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Basi," akasema, "nitaingia kinyumenyume."

Mama mkwe aliangua kicheko cha kumrudishia kikohozi, na Fundi Zipu akalia waziwazi, hakujificha, futi ya kupimia bado iko shingoni.

Jumamosi bibi harusi aliingia kama wanavyoingia wengine. Fundi Zipu na mama mkwe walipewa viti vya mwisho kabisa, karibu na mlango, ambako hukaa wasio ndugu. Wasimamizi walidhani wamewaonea, kumbe wao walitaka kuona nyuma. Sherehe yote, tangu maneno ya kwanza hadi pete, bibi harusi alisimama akitazama mbele, na ukumbi mzima ulikuwa unatazama vile vifungo.

Wanawake wawili waliokaa mstari wa mbele yao walikuwa wananong'ona.

"Hilo limeagizwa nje."

"Lazima. Hapa nani atakata mgongo vile?"

Kiwiko cha mama mkwe kikamwingia fundi mbavuni, lakini hakikuhitajika. Alikuwa ameshainama mbele.

"Nimelishona mimi," akasema, wala hakushusha sauti.

Mmoja wao aligeuka mzimamzima kwenye kiti. Akamtazama mikono kwanza, kisha uso, kisha akamwuliza anapatikana wapi.