Siku Nilipoosha Madoa ya Chama cha Magari ya Kale

Khe-khe-khe-khe… pu! Kimya. Halafu khe-khe-khe tena, kama babu anayekohoa asubuhi kabla hajaitikia salamu, mpaka gari likubali, lingurume, na banda zima la pale Abu Hamour, mtaa wa Doha, litetemeke. Mlio ule ninao masikioni hadi leo. Kila Ijumaa nilikuwa nausikia nikiwa nimeshika birika la chai, nacheka peke yangu, wala sijui nacheka nini.

Nilitoka Muheza, na shule yangu iliishia kidato cha pili. Doha nilifanya kazi za nyumbani kwa mzee mmoja Mkatari niliyemwita Baba. Kiswahili alikirithi kwa bibi yake wa Unguja, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Baba alikuwa mwenyekiti wa chama cha magari ya zamani ya Kiingereza. Wanachama walitoka Al Thumama, walitoka Al Wukair, wengine walivuka mpaka kabisa, na walikutana kwenye banda lake. Kazi yangu pale ilikuwa chai na usafi. Lakini moyoni nilikuwa na langu: Baba aliniahidi kwamba matembezi ya kwanza ya majira ya baridi, nitakaa kiti cha mbele. Mimi! Kwenye gari lisilo na paa! Mtandio nilishauchagua wiki tatu kabla.

Basi ni furaha hiyohiyo iliyoniponza. Sakafu ya banda ilijaa madoa meusi ya oili, mengine mapana kama ungo. Mtoto wa kike nimefunzwa, wageni wakaribie sakafu iko vile? Alhamisi, kesho yake ndiyo matembezi, nikachukua sabuni ya unga, brashi ngumu na maji ya moto, nikasugua toka asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Ikatakata. Ungeweza kupakulia ubwabwa pale chini.

Ijumaa asubuhi gari la kwanza likaingia, likasita. La pili likalipita, likazunguka, likarudi. La tatu likapiga honi. Ndani ya dakika chache yalikuwa yanazungukana kama kuku waliohamishiwa banda lao.

Askari wa getini, kaka mmoja Mkenya, akanijia ameshika mbavu.

"Aki siste, umeosha mpaka historia!"

"Historia gani tena, kaka?"

"Hawa wazee unadhani wana kitabu? Kitabu yao ni hiyo floor!"

Ndipo nikaelezwa. Magari yale yanavuja, yote. Wenyewe husema ukiona halivuji, ujue limeishiwa oili. Kila gari lina doa lake, na mwenyewe haegeshi mahali pengine. Mgeni hata akileta gari la kifahari namna gani, hahesabiwi mwanachama mpaka gari lake lidondoshe tone la kwanza pale sakafuni. Likidondoka, anapigiwa makofi.

Baba akaingia na fimbo yake. Akawa anatembea juu ya sakafu nyeupe, anaonyesha mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Hapa la daktari. Hapa la wale ndugu wawili walionunua gari moja wakanuniana." Akafika kwenye kona karibu na mlango. "Na hapa…"

Daktari, ambaye naye ana Kiswahili chake cha Unguja, ndiye aliyeninong'oneza. Pale palikuwa na doa la gari la kwanza kabisa, gari dogo la kijani la Mwingereza rafiki wa Baba. Enzi za ujana wao lilimzimikia mbele ya duka la baba yake Baba, wakalisukuma wawili hadi kwenye banda hili. Kesho yake akaja mtu wa tatu kuwacheka, akaishia kushika spana. Chama kikaanza hivyo. Rafiki alishafariki, wanawe wakalisafirisha gari kwao. Kilichobaki ni doa, na hakuna aliyewahi kuegesha juu yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Baba, nisamehe. Nilidhani uchafu."

"Ni uchafu kweli, mwanangu," akasema taratibu. "Uchafu wa miaka mingi."

"Mnalia nini?" daktari akadakia. "Langu hili kabla ya sala litakuwa limeshaandika upya!" Na hajafunga mdomo, to! Tone. Makofi yakalipuka. Wazee wazima na kanzu zao wakachuchumaa, kila mmoja anachungulia chini ya gari lake kama anayengoja kuku atage. To! Makofi. To! Vigelegele, na hivyo vilikuwa vyangu.

"Mtandio wako wapi?" Baba akaniuliza. "Twende."

Nisiwadanganye, njia siikumbuki. Nakumbuka upepo mdomoni na kwikwi ya kucheka isiyokoma.

Tuliporudi kila gari lilikaa mahali pake likidondosha. Kona ya mlangoni tu ndiyo ilibaki nyeupe. Baba alipita pale, akaigusa sakafu kwa ncha ya fimbo, kisha akaongozana na wenzake kwenda kuswali Ijumaa.

Nikabaki na vikombe. Nikachukua kijiko cha chai, nikalala kifudifudi kando ya gari la Baba, nikakinga chini ya injini mpaka tone likaingia. Nikalibeba kama yai hadi kwenye kona, nikalimimina, nikalitazama likitanuka. Kisha nikasimama, nikapiga makofi.