Jimbo la Elmsgate Ndani ya Sanduku

Ko. Ko. Ko. Kisha kimya kifupi, na sauti ya mzee wa Kiingereza: "Hodi!"

Sauti hiyo ilinifikia Tanga kwa simu, Juni 2017, kabla sijajua ni ya nani. Aliyeirekodi ni shangazi yangu Mwanaidi, ambaye kazi yake ni kumtunza mzee huyo Troyeville, Johannesburg.

"Anaitwa Mzee Leonard," alinieleza. "Huko kwao alikuwa meneja wa kampeni, jimbo la pembeni mwa London. Jimbo lenyewe limefutwa, ila yeye ana sanduku zima la kadi alizoandikia habari za wapigakura wake, nyumba kwa nyumba. Wiki ijayo, Ijumaa, binti yake anamhamishia Durban, na sanduku litatupwa. Wewe si unaandika riwaya ya uchaguzi? Njoo ulichukue."

"Atanipa?"

"Anasema atampa atakayeushinda mlango wake."

Sikuelewa, lakini nilifunga mkoba.

Jumamosi alfajiri niliondoka Tanga, na Dar nikapanda basi la masafa. Tunduma tulipanga foleni na malori. Zambia ilipita nikiwa nimelala nusu, paji la uso kwenye kioo. Baada ya mpaka wa Beitbridge nyasi zilikuwa za manjano, na baridi ilipenya hata kwenye soksi.

Jumanne mchana, Park Station, nilipokelewa na dereva Mkongo aliyetumwa na shangazi, Papa Dodo.

"Unaenda kwa ule muzee wa mulango?" aliuliza tukisubiri kwenye robot, kama waitavyo huko taa za barabarani. "Eish! Siku ya kwanza nilibisha vibaya, akanirudisha njee nianze upya. Mimi, baba ya watoto tano!"

Troyeville ina nyumba za zamani zenye vibaraza vya chuma. Shangazi alinikumbatia getini, lakini kabla sijaonja chai Mzee Leonard alielekeza fimbo yake nje. "Bisha kwanza."

Nikatoka. Nilibisha, nikaita hodi, nikasimama ubavuni mwa mlango nisichungulie ndani, kama nilivyolelewa. Mlango ukafunguka, na mzee hakuona mtu.

"Yuko wapi?" alifoka.

Nikajitokeza na kuanza kueleza riwaya yangu, sura zake, kiu yangu ya lile sanduku. Nilikuwa bado kwenye ngazi mlango ulipofungwa usoni pangu. Ndani, shangazi alicheka hadi akakohoa.

"Umeipoteza kura yangu," mzee alisema aliponifungulia tena. "Bisha, rudi hatua mbili, uso uonekane. Na ukiondoka, sikiliza. Mlango ukifungwa ungali kwenye ngazi, kura imekwenda. Usipofungwa mpaka ufike getini, kura ni yako."

Jumatano kutwa tulikaa kwenye jua la kibarazani, ramani ya jimbo lake, Elmsgate, magotini. Kwanza palikuwa na mashamba ya kabichi. Reli ikaja, zikafuata nyumba pacha zenye bustani za mbele, na watu walipokuwa wengi wakapewa jimbo lao. Mgombea wa Leonard alishindwa, akashindwa tena. Kisha zikahamia familia za Kihindi kutoka Nairobi, Kampala na Tanga. Wenzake wa chama waliziruka nyumba hizo. Yeye alibisha.

"Mama mmoja akaniambia kwao watu huita hodi. Tangu siku hiyo niliita. Mtaa mzima ulinicheka, na mtaa mzima ukafungua."

Mpaka wa jimbo ulikata katikati ya Barabara ya Kinu, na taa ya mwisho wa barabara ilikaa miaka bila kuwaka, kila upande ukisema ni ya upande wa pili. Leonard aliishupalia mpaka ikawaka. Uchaguzi uliofuata wakashinda, mara moja tu. Baadaye wachora mipaka wakaigawa Elmsgate vipande vitatu, na jina likatoka kwenye karatasi ya kura.

"Ningekuwa mimi ningelia," nilisema.

"Nililia. Kisha nikaja huku kwa binti yangu."

Alhamisi asubuhi, siku yangu ya mwisho, nilitoka nje na mkoba begani. Ko, ko, ko. "Hodi!" Nikarudi hatua mbili.

Mlango ukafunguka. Maneno niliyoyapanga kuhusu riwaya yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza.

"Habari za asubuhi, Mzee. Ile taa ya Barabara ya Kinu, bado inawaka?"

Alinitazama, akaegemea fimbo. Halafu akaniambia jambo ambalo jana hakulisema: mke wake alikuwa anashuka treni jioni na kuiogopa ile kona ya barabara isiyo na taa, na kila siku yeye mzee alikwenda kumpokea. Taa ilipowaka, mkewe akaanza kuja peke yake. "Nilifurahi," alisema, "na nikakosa ile safari ya kumpokea." Alisema mengi. Mimi niliuliza tu, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na sanduku sikulitaja.

Shangazi alitoka nalo kiunoni. "Shika, Zuhura, kabla hajageuza nia. Na ukifika msalimie baba yako."

"Karibu tena," mzee alisema, kwa Kiswahili.

Papa Dodo alikuwa anapiga honi. Nilishuka ngazi, sanduku kifuani, macho mbele, masikio nyuma. Ngazi ya mwisho. Njia ya matofali. Nikafungua geti, nikatoka, nikalirudishia komeo. Hapo ndipo nikausikia mlango ukifungwa, taratibu.